Fedha Njema ya Nyumba ya Kuzuya

Jumatatu, 16 Oktoba 1944

Mjumbe wa mtaa, Nagai, kapita tena. Masufuria ya shaba tulishatoa, ndoano za vyandarua tulishatoa, hata kengele ya mlangoni. Sasa wanataka fedha, madini yenyewe, eti ya kuundia ndege. Kila nyumba hapa Osaka ipeleke kabla Ijumaa haijaisha. “Nyinyi mlikuwa wabadilisha pesa, Mama. Hamkosi.” Nikamjibu hata mkia wa samaki tunaukosa, sembuse fedha. Mwongo mimi! Na sijuti.

Iko chini ya sakafu ya ghala. Vipande vya zamani, virefu kama jongoo bahari, ndani ya karatasi yenye mhuri wa nyumba. Miaka mia mbili iliyopita watawala wa kale wa Edo waliamuru watu wasalimishe fedha njema, wapewe mpya iliyojaa shaba. Babu yao akina Kuzuya, ukoo nilioolewa, akagoma. Akaifunga, akaificha. Tangu hapo hakuna aliyeifungua. Kifurushi chenye mhuri hakifunguliwi. Ukikifungua umemwita mwizi aliyekifunga. Mimi nije nikifungue kwa ajili ya Nagai? Thubutu!

Jumatano, 18 Oktoba

Mkwe wangu Fumie kalia. Mumewe, Shinji wetu, yuko vitani Burma, kimya tangu masika. “Mama, tuitoe tu yaishe. Kuponi za mchele anazishika Nagai, na mtoto ananyonya.” Ni kweli. Jana kibaba chenyewe cha mchele kilikuwa nusu soya. Nikamwambia nyumba hii haijawahi kutoa kitu kwa hofu. Akaubamiza mlango. Mlango wa karatasi – basi hata haukulia vizuri. Roho inaniuma, lakini sitoi.

Ijumaa, 20 Oktoba

Leo nimecheka mpaka mbavu zinauma! Nimepeleka fedha. Si ile! Nimepeleka kipande kingine tulichobaki nacho, cha siku za mwisho za watawala hao wa Edo, walipokuwa hoi: karibu chote shaba, wakakipasha moto na kukichovya kwenye siki ya plamu mpaka kikawa cheupe juu. Kina sura ya Daikoku, mungu wa bahati, na mhuri wa serikali, halali kabisa. Nikakiweka mezani pale shuleni wanapokusanyia, mbele ya watu. Makofi! Nagai akainama, eti mimi ni mfano wa kuigwa. Serikali ilitupa ikasema ni fedha, nami nimeirudishia nikisema ni fedha. Kosa langu liko wapi?

Jumapili, 22 Oktoba

Nagai kakipiga tupa kile kipande, kaona wekundu wa shaba. Kaja akifoka tangu barabarani ili mtaa mzima usikie.

“Mama, umeichezea nchi!”

“Mhuri ule ni wangu? Sema hapa hapa, majirani wasikie, kwamba serikali ilipiga mhuri juu ya uongo. Ukishasema, naingia ndani nakuletea nyingine.”

Muuza tofu wa jirani akajikohoza kuficha kicheko. Nagai akawa mwekundu kuliko kile kipande. Akageuka – lakini akaacha neno: kesho anakuja na polisi, sakafu zote zitang’olewa.

Sasa naogopa. Naandika wazi, naogopa. Lakini sitoi! Fumie alisikia yote. Hakulia. Aliniuliza tu ina uzito gani. Kama tofali, nikamwambia. Akarudi kwenye viazi vyake.

Jumatatu, 23 Oktoba

Wako ghalani, mbao zinalia. Mimi nimeamriwa nikae jikoni nisisogee. Polisi mmoja kijana kabaki kunilinda. Anadhani ninachoandika hapa ni hesabu za soko. Na adhani!

Nagai anapiga kelele: shimo lipo, ni tupu! Kaja mbio kunihoji. Sijui, nimemwambia, na mara hii sisemi uongo. Karudi ghalani na nyundo.

Fumie kasimama mlangoni, mtoto mgongoni chini ya koti la pamba, anayumbayumba akimbembeleza. Mtoto katulia. Lakini mbeleko! Imeshuka mpaka makalioni, na mafundo yamembana mabega mpaka – mama yangu! Nimeiona pembe ya ile karatasi yenye mhuri.

Yule kijana naye kamwangalia. Ana sura ya huruma, kanyosha mkono. “Dada, umechoka. Mlete nikupokee kidogo.”

Fumie kamkazia macho. “Hapokewi. Baba yake mlinipokea, sijarudishiwa.”

Kijana kainamisha kichwa. Mkono wake bado uko hewani, na Nagai huyu hapa anatoka ghalani –