Benchi la Kusubiri Ganzi Iishe

Mama Ndahani, mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini kukuandikia bila shikamoo siwezi.

Tangu tukuzike, kliniki za watu binafsi zimeruhusiwa, nami natibu meno katika moja hapa mtaani Kikuyu. Ile dawa nyeupe ya kuzibia uliyoitafuta kwa udi na uvumba sasa tunayo. Tunaigandisha kwa taa ya buluu, tunaisugua mpaka inang'aa. Ungeipenda, Mama. Halafu ungeninyang'anya kichuma chenye ncha, ukipitishe taratibu kutoka kwenye jino hadi kwenye dawa, na kurudi. Kikikwama, ungesema, rudia kusugua.

Hilo bado nalifanya, hakuna anayenigombeza. Ugomvi ni benchi. Wewe hukumruhusu mgonjwa aondoke kabla ganzi haijaisha na hajang'ata tena ile karatasi ya rangi inayoonyesha meno yanapogonga. "Mdomo wenye ganzi haujui kusema kweli," ulisema. Wakinuna, uliwatania: kaeni, zabibu zenu shambani hazitakimbia.

Daktari mwenye kliniki hataki. Anasema benchi linafanya pawe kama foleni ya serikali, na mgonjwa akiumia atarudi. Wiki iliyopita nilikuta amelitoa nje. Siku hiyohiyo akamruhusu aondoke bibi mmoja aliyetoka mbali, Hombolo, nusu ya uso ikiwa bado imekufa ganzi. Siku chache baadaye bibi alirudi akiwa hajatafuna kitu tangu aondoke. Dawa ilikuwa imezidi kimo, kila aking'ata inagonga. Atarudi, eti! Kwa nauli ya nani?

Nilimsugulia ile dawa ikapungua. Kisha nikatoka, nikaliburuta benchi ndani mbele ya wagonjwa wote. Daktari akaniambia kwa upole kabisa, "Jumatatu nikilikuta hapo, mtaondoka wote wawili."

Nikacheka. Baadaye nikaingia stoo nikalia, maana hapakuwa na wewe wa kunisimulia upuuzi wako nikatulia. Nimekukumbuka mno, Mama.

Leo ni Jumapili, na funguo ninazo mimi. Nilipotoka kanisani nilimpitia fundi, tukalifunga benchi kwenye sakafu kwa bolti nne, saruji juu.

Pumzika, mwalimu wangu. Popote nitakapofanya kazi, mtu hatatoka mikononi mwangu na ganzi mdomoni, nakuahidi. Kesho anaweza kunifukuza mimi. Benchi halitoki mpaka avunje sakafu.

Mwanao wa kazi,
Neema