Mama Niliyekuita

Chepseon

Mama,

Kuna jambo nimekuficha tangu uzaliwe, na nataka ulisikie kwangu kabla majibu ya mate yako hayajatoka maabara.

Huku mvua imewahi na chai inachumwa. Nimekatazwa na daktari kusimama, lakini kila nikisikia bodaboda nasimama, nikidhani ni ndugu yako Kimotho amekuja kuipiga barua hii picha akutumie. Nakaa, nasimama tena.

Ulicheka kwenye simu: "Baba, huyu baba mkwe! Ni Mwakadia, wale Wafaransa wa kwanza kukaa Kanada, na ameufuata ukoo wake mpaka kwa mwenye kasri kule Ufaransa! Sasa anataka wetu. Nimemwambia sisi ni Wakikuyu watupu, hakuna kuchanganyika." Nami nikacheka. Ndipo ukasema mmeshatema mate kwenye vichupa vya kupimwa asili.

Binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, ndiyo maana nakuita mama. Nyanya yako Nyathira alinichukua nikiwa mchanga, akanilea, akanipenda. Jina lake ni lako kwa haki. Lakini si yeye aliyenizaa.

Nyumba yetu ilipochomwa na Wakipsigis baada ya uchaguzi ule, uliapa kwamba hutakula tena meza moja na Mkipsigis. Jioni hiyo tulikula pamoja, mama.

Ni mimi baba yako,
Gachanja, mtoto wa Chelimo, Mkipsigis wa Roret.