Namba ya Dar es Salaam

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba mfikishie shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana mbele huko sijui kama utaikumbuka. Natumaini miguu haijavimba tena, na mdogo wangu Agnella anakusaidia kuteka maji. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Nimejaribu kukueleza kwa simu mara tatu, na kila mara nimeishia kukuuliza habari za mpunga.

Nianze na kazi. Unakumbuka bwana Jofrey, mwenye kampuni ya mchele, aliniajiri ili nikakae kwenye ofisi aliyokuwa anataka kuifungua Dar es Salaam. Mlinichinjia kuku, padre akaniombea mbele ya watu wote. Kwanza nilipitia ofisi yake ya Ifakara, nijifunze kazi kwa wiki mbili. Simu ya pale ilikuwa ya waya, na masika ile maji yalipojaa ikafa siku tisa. Wanunuzi wa Dar walipiga hawakupata mtu, wakaenda kununua kwingine. Ndipo bwana Jofrey akaamua tuhamie kwenye simu za intaneti.

Mama, simu zile ni kitu kizuri, hilo siwezi kulikana. Mvua inyeshe isinyeshe, zinaita. Nikitoka mezani, simu ya ofisi inanifuata kwenye simu yangu ya mkononi. Kuna mzee Dionisi wa Mlimba, mpunga wake ulikuwa umeanikwa na wingu limeshatanda. Nilimuunganisha na mnunuzi na mwenye lori, wakaongea wote watatu kwa pamoja, na mzigo ukaondoka kabla ya tone la kwanza. Alinipigia kunishukuru. Siku hiyo nilijiona mtu wa maana.

Tena simu hizi namba yake inaweza kuwa ya Dar, na anayepokea akawa popote penye intaneti. Hilo ndilo lililonifunga. Bwana Jofrey alipoona wateja wanaiamini namba ya Dar, hakuona sababu ya kupanga ofisi huko. Aliniambia akicheka, "Eveline, huna haja ya kwenda Dar. Dar imekuja kwako." Akanifundisha kupokea: "Ofisi ya Dar es Salaam, habari za saa hizi." Jioni ile ile niliwapigia kwa namba hiyo niwaeleze. Kabla sijafungua mdomo nikamsikia baba akiwaambia watu, "Ni mwanangu huyo, namba ya Dar hiyo!" Watu wakashangilia. Nikasema nimefika salama.

Mama, sijawahi kuondoka Ifakara. Mwaka wa pili huu nipo kwenye barabara ile ile inayopita mlangoni kwenu hapo Sanje.

Nakaa chumba kilicho nyuma ya ofisi, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Sokoni namtuma mtu. Kanisani nawahi misa ya kwanza, nakaa benchi la mwisho, natoka kabla ya matangazo. Nikisikia mtu anataja Sanje au Mang'ula, nageuza njia. Ulipokuwa unaniuliza kama Dar kuna joto, nilikuwa natazama kwanza hali ya hewa kwenye simu ndipo nakujibu. Wateja nimezoea kuwaambia niko Dar. Kukwambia wewe sijazoea hata leo.

Wiki iliyopita ukanieleza kwamba baba amepewa barua ya kwenda kutibiwa macho Dar, na mtafikia kwangu. Ukasema umeshamtengea kuku mama mwenye nyumba wangu. Nikasema karibuni sana. Nilipokata simu nikakaa sakafuni.

Bado kuna jambo moja, mama, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Siku mliyomleta baba hospitali hapa Ifakara, kabla hajapewa barua hiyo, niliwaona. Baba aliegemea nguzo na kitambaa machoni. Wewe ulikaa kwenye ngazi za duka lililo mkabala na dirisha langu, umevua kiatu kimoja, unajikanda mguu. Sikushuka. Nilikupigia. Nikakuona unasimama kupokea, kama mtu anayepokea mgeni. Ulisema, "Eva, ungekuwa karibu ungetusaidia kumshika baba yako." Nikakujibu, "Dar ni mbali, mama." Pale pale lori likapiga honi. Uliisikia barabarani, ukaisikia na kwenye simu. Ukainua macho kwenye ghorofa, nami nikarudi nyuma ya pazia. Kisha ukasema taratibu, "Hata huko kwenu magari yana kelele." Tangu siku hiyo hujaniuliza tena habari za joto la Dar.

Kama ulijua ukanisitiri, sijui nikushukuru vipi. Kama hukujua, sasa umejua.

Nimemweleza bwana Jofrey yote. Aliniruhusu kwenda na baba, ila akataka niendelee kupokea simu nikiwa kwenye basi, kwa kuwa zinafika popote. Nimekataa. Siku hizo atapokea mwenyewe. Pia nimemweleza ukweli mama Jenifer, mteja wetu wa Mbagala ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Akasema chumba kipo, tuje.

Jumanne nitashuka hapo Sanje mchana kweupe, mbele za watu. Baba mweleze wewe, au niache nimweleze mwenyewe nikiwa nimemshika mkono. Akinifukuza, mwombe anifukuze tukisharudi na macho yake mazima.

Msalimie Agnella, na majirani wote walioniombea safari njema. Mwambie baba tutakwenda pole pole, tukiuliza njia. Dar siijui, mama. Sijafika hata siku moja.

Mwanao,
Eveline,
Ifakara.