Mtungi wa Mama Naserian Kwenye Mnada

Mama Nekesa,

Wewe na watoto mko salama? Mimi ni mzima, ni mgongo tu unaolalamika kwa kuchimba mtaro wa mabomba. Huo mlima wenye theluji kwenye picha ya kadi hii tunauona asubuhi, halafu tunaoga vumbi mchana kutwa.

Jana hapa Kajiado kulikuwa na harambee ya kununua pampu ya kisima. Wageni walikula mbuzi, wakanawa mikono kabla na baada, mpaka maji yote yaliyoletwa na punda yakaisha. Ulibaki mtungi mmoja wa Mama Naserian, anayetupikia, maji ya watoto wake kunywa. Mwenye kipaza sauti akauchukua akaupiga mnada. Desturi ni kwamba anayeshinda anarudisha kitu kiuzwe tena, kwa hivyo mama akauachia. Mabwana wenye tai waliupokezana wakipigiwa makofi. Mgeni wa heshima, aliyeshinda mwisho, hakurudisha. Gari lake lilikuwa limechemka, na dereva akamimina maji yote kwenye rejeta.

Mama Naserian alimfuata mgeni huyo hadi dirisha la gari. "Mheshimiwa, asante kwa kutuchangia maji. Sasa watoto wangu wanyonye hiyo gari?"

Watu walicheka sana. Yeye akapandisha kioo.

Sisi wachimbaji tulimpa mama maji yetu, tukalala bila ugali, maana ugali nao unataka maji.

Nakuwaza ukiteka maji pale chemchemi. Nekesa akiyamwaga akicheza, usimchape. Mwambie tu baba yake yuko wapi.

Wako,
Baba Nekesa