Aspirine ya mutoto, soko yote imekula

Hapa muji ya Baraka, leo jeudi, alhamisi. Mvua ya asubuhi imeacha matope, ndagala, tusamaki twenye nauzisha sokoni, haikauke, na mi nikikaa nasimama, nikisimama nakaa.

Mi wa kuchekesha watu, leo sina hata kichekesho kamoja.

Mimba iko na miezi tano. Mimba mbili za mbele zilitoka ku mwezi hii hii ya tano. Infirmière, nesi wa maternité kwenye banazalishia, aliniambia damu yangu inapenda kuganda, inafunga njia ya kulisha mutoto mule ndani. Akanipa aspirine ya kadogo, kinini kamoja kila mangaribi, hata kama sisikie maumivu. Nikaitika ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi muzuri. Mi huyu mwenye nilikimbia masomo mwaka wa ine!

Shida ni soko. Kwetu pale, ukiwa na dawa ndani ya kitambaa, iko ya meza zote. Jua inapiga, mama moja anashika kichwa, natoa. Mwingine anashika mugongo, natoa. Balikuwa bananiita Docteur Ndagala, na mi nasikia utamu. Nikawaza: mi niko muzima, hii tuvinini tutanisaidia nini?

Juzi nikafungua kitambaa. Hakuna kitu.

Mangaribi mbili bila kumeza. Nikanunua aspirine kubwa ya ku duka niikate na kisu ya samaki, nikaogopa kukosea kipimo, nikaiweka. Leo nikabeba aibu yangu mupaka maternité, nikaelezea yote. Infirmière hakucheka.

"Mama, ile haikuwa dawa ya kichwa. Na ile kubwa usiiguse."

Akasikiliza tumbo.

Moyo ya mutoto inapiga. Akanipa aspirine ingine ya kadogo.

Nikarudi sokoni. Mama Sifa, jirani yangu wa meza, akaanza: "Docteur, kichwa!"

"Hospitali imefungwa."

"Eh! Mimba imekupa uchoyo?"

"Uchoyo kabisa. Dawa ni ya mutoto, muombe yeye mwenyewe."

Akaangalia tumbo yangu. Ile mara mbili mimba zilitoka, yeye ndiye alinishika mukono. Akarudia ku meza yake, nikajua nimemuumiza.

Lakini jua ilipoanza kushuka, nikasikia sauti yake mbele ya bamama bote: "Docteur, saa ya mutoto!" Ameshika kikopo ya maji.

Nimemeza. Sasa niko nyumbani, mukono ku tumbo, nangoja teke.

We wa mule ndani, umelala, ao umenikasirikia?