Makopo Yaliyovimba

Alhamisi, 8 Mei

Nimefungua duka, nimefagia, nimepanga samaki wa kopo. Watu wa Makoko wananunua samaki kutoka nje na ziwa liko hapo nyuma. Huwaga nacheka. Leo kopo moja limevimba juu. Nimebonyeza, likalia tok. Nimeachia, likarudi. Mengine mawili hivyohivyo. Tarehe ya kuisha bado mbali. Sasa ndani kuna nini?

Ijumaa, 9 Mei

Nimeyamulika kwa tochi ya simu. Kutu kwenye mshono. Boksi lilikaa sakafuni, mvua ikaingia. Natamani kufungua nione. Naogopa.

Jumamosi, 10 Mei

Asubuhi nimemwita bwana afya wa kata. Nimemuuliza mpaka akacheka. Kumbe kutu inatoboa tundu lisiloonekana, vijidudu vinaingia, vinatoa gesi. Hiyo ndiyo inavimbisha.

"Usifungue, usionje, mama. Sumu nyingine haina harufu wala ladha."

Amechukua boksi zima. Hapo nikakumbuka: boksi jingine lililokaa sakafuni pamoja na hilo alilichukua wifi Rhobi, kwa kipaimara cha mwanawe kesho. Simu yake haipatikani. Nimefunga duka, nimekwenda Bunda.

Nimemkuta kwake Manyamanyama, makopo yamepangwa mezani. Amekasirika. "Wageni kesho niwalishe nini, wifi?" Nimemwonyesha kutu. Akaanza kuyarudisha kwenye boksi.

Mama mkwe wangu, anayekaa na wifi, akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mimi nimeshakula moja tangu asubuhi. Tamu."

Tumempeleka hospitali, na kopo tupu kwenye mfuko. Wamemlaza wamwangalie.

Jumapili, 11 Mei

Wageni wamekula sato wa ziwani kutoka Kibara. Mimi niko hospitalini, kando ya kitanda cha mama mkwe. Nimemuuliza daktari anatafuta dalili gani. Kope kulegea, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kumeza. Tangu hapo namwangalia macho tu. Nina hofu, na bado nataka kujua sumu inafanyaje kazi. Naona aibu kwa hilo.

Mama amechoka nami. "Mbona unanikagua kama ng'ombe wa mahari?"

Jumanne, 13 Mei

Ameruhusiwa. Daktari hajui kama kopo lile lilikuwa zima au ni bahati. Sitajua. Inanikera.

Bwana afya wa Bunda ameyachukua makopo yaliyobaki kwa wifi. Jioni nimekaa nje na wifi, tunamenya karanga. Mama amelala ndani, anakoroma.