Chaki ya Lintie kwenye Shavu la Jinny

Kwa Baba, Safu ya Kwanza,
Bedlington, Northumberland.
9 Mei, 1958

Mpendwa Shangazi Isobel,

Pokea salamu zangu kutoka huku baridini, maana Mei imeingia lakini jua bado linatuonea choyo. Hujambo? Goti lako linaendeleaje, na mzee wako Wilf, kifua kimepoa? Sisi tu wazima. Alban anaota meno na hanipi usingizi. Nakuandikia huku nimempakata, kwa hiyo mwandiko ukienda upogo mlaumu yeye.

Najua umeshaiona anwani. Ndiyo, niko kwa kaka yako tangu Jumamosi, mimi na watoto. Hakuna aliyekufa. Tulia nikueleze.

Kila barua unaniomba picha ya Jinny, nami kila barua namsingizia mpiga picha. Ukweli ni kwamba mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi kwake, hataki lile baka lionekane. Unajua mtoto alizaliwa nalo, jekundu, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Wageni wakija kutazama watoto wa mbwa, Jinny anapelekwa chumba cha kufulia. "Mtu akishaona lile, ataanza kutafuta kasoro kwa mbwa wangu," ndivyo asemavyo, na mtoto anasikia.

Hujasahau mbwa ni nini katika mji huu uliowapa jina lake. Mama mkwe ana Lintie, jike wa rangi ya moshi, manyoya kama sufu ya kondoo, na Jumamosi iliyopita alikuwa aende onyesho kubwa la Newcastle. Basi wakati wa baridi akachanika ubavuni kwenye waya wa bustani. Mbwa wetu jeraha likipona nywele hurudi nyeusi, na dawa yake ni subira mpaka zipauke zenyewe. Mama mkwe subira hana. Akazing'oa kwa kibano. Mtoto yeyote wa Bedlington angemwambia kwamba ukizing'oa zinarudi nyeusi zaidi. Zikarudi kweli, doa kama masizi, upana wa kiganja. Akamlaumu Cuddy, mume wangu, eti hakutengeneza waya.

Kazi ya kuficha ikawa yangu, kwa kuwa vidole vyangu ni vyembamba. Mengine si dhambi, kila mtu anafanya. Unayaacha manyoya ya juu ya doa yarefuke, unayachana yaangukie chini, halafu unapunguza ya kandokando mpaka ubavu wote uwe sawa. Mkasi ni halali. Kupaka ndiko haramu, na hilo alilifanya mwenyewe: chaki iliyosagwa na majivu kidogo ili ifanane na moshi. Anaipiga kwa brashi hadi kwenye ngozi, kisha anapeperusha ya juu ili mwamuzi akipitisha mkono asiambulie unga. Mimi nilikuwa nakata kwa mkono mmoja, Alban kiunoni.

Mpiga picha alipokuja kumpiga Lintie picha ya chama cha wafuga mbwa, nikasema, kwa kuwa yupo, Jinny naye apigwe moja ya Shangazi. Mama mkwe akakubali upesi mno, nami mjinga nikashukuru. Nikaenda kumbadilisha Alban nepi. Niliporudi, Jinny alikuwa juu ya meza ya mbwa.

Shangazi, mama mkwe alikuwa amemshika kidevu vilevile anavyomshika Lintie, na kwa brashi ileile anampiga chaki shavuni. Majivu hakutia. Labda hiyo ndiyo huruma yake. "Tulia! Miguu pamoja! Kichwa juu!" Na mtoto wangu wa miaka minne akaweka miguu pamoja, akainua kichwa, akabana pumzi. Amemwona mbwa akifundishwa, alijua kinachotakiwa.

"Haya, sasa anatazamika," mama mkwe akamwambia mpiga picha. "Piga upesi kabla hajatoka jasho."

Cuddy alikuwa mlangoni, ametoka mgodini, uso umejaa makaa. Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha kumwogopa mama yake. Ile picha ilipoletwa niliitia motoni.

Kesho yake baada ya kupigwa picha nilimwambia Jinny avae koti twende duka la ushirika. Akakawia. Nikamkuta amepanda kiti, amefungua sanduku la vifaa vya mbwa, uso mzima mweupe, macho yanamchoma kwa unga. "Mama, nipake vizuri. Watu watatuona." Nilipomwosha alilia, "Usinitoe! Usinitoe!"

Nikaenda kwa mama mkwe, akimenya viazi. Nikamwambia kwa adabu, "Mama, naomba usimpake tena."

Hakuinua hata macho. "Hilda, mwanangu, mimi naficha makosa ya mbwa tangu hujazaliwa. Hili lako halifichiki. Ungekuwa umezaa mbwa ningejua la kufanya: ndoo ya maji, basi."

Jinny alikuwa chini ya meza, amemkumbatia Lintie.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alikwenda kutengenezwa nywele, apendeze uwanjani, akaniachia nimalizie mkasi. Nikampandisha Lintie mezani. Sikushika mkasi. Nilishika mashine ya kunyolea, nikamnyoa kuanzia kishungi mpaka mkia, polepole, nisimchune. Mbwa wa watu alitulia kama alivyofundishwa. Nilipomaliza alikuwa anatetemeka, nikamvika sweta langu. Doa lilikuwa wazi kama wino uliomwagika.

Mama mkwe aliingia na nywele zake mpya, akaketi chini sakafuni. "Umeniua," akasema. "Mwanamke mwovu wewe, mbwa amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu. Jinny naye alikukosea nini?"

Akalia, Shangazi. Sijawahi kumwona akilia. Nilisimama nikamtazama mpaka akamaliza, na sikuona huruma. Nikamwambia, "Manyoya huota, Mama." Nikafunga nguo za watoto.

Cuddy alisukuma kigari cha Alban mpaka hapa bila neno. Langoni akauliza, "Na mimi nije?" Nikamwambia, "Njoo siku ukipata mdomo." Jumatatu akaja na Lintie ndani ya koti lake, maana mama yake alitaka atupwe kwenye shimo la zamani la makaa. "Nimemwambia hapana," akasema. Neno moja si mdomo, lakini nimempa chai.

Sasa picha. Baba aliazima kamera. Jinny kila akikaa anafunika shavu, nami sikutaka kumlazimisha, ameshalazimishwa vya kutosha. Kisha akamtazama Lintie, uchi kama kitoto cha panya, akaniuliza, "Naye anaogopa?" Nikasema anaogopa sana. Akamvuta mapajani. Ndiyo maana utaona mikono yake yote miwili imemshika mbwa.

Nakuomba moja. Ukimwandikia, usimwambie ni mzuri hata hivyo. Hiyo "hata hivyo" iache huko huko.

Nisalimie Wilf, na binamu zangu Dorothy na Ned. Baba anakusalimu, anasema hajasahau kiko chake ulichokivunja. Mungu awakinge na joto la huko ng'ambo, atie mkono wake juu ya nyumba yenu, na siku moja atukutanishe mezani tukiwa na nyuso zetu wenyewe.

Wako akupendaye, mchovu lakini macho makavu,

Hilda